Hakuna Aliyefika 51: Njia Nne za Kuunda Serikali ya Mseto, na Ipi Uichukue

Vizibo 100 vya soda nilivikusanya kwa mangi aliye jirani na shule yetu, Mbagala, kwa muda wa wiki tatu. Jumamosi ile mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hatusikilizani. Tukaunganisha madawati mawili, tukavimwaga katikati. Kila kizibo ni kiti kimoja cha bunge letu la mfano. Ili asisemwe mtu kwa rangi za vyama vya kweli, vyama vyetu nilivipa majina ya miti ya huku pwani: Mnazi viti 41, Mwembe 27, Mkorosho 18, Mkwaju 9, Mbuyu 5.

Kiongozi wa Mnazi, msichana wa kidato cha tatu, akavuta vizibo vya Mkwaju upande wake, akahesabu kwa kidole, akarudia. Hamsini. Akaniangalia: "Madam, kimoja kimeanguka?" Hakikuanguka. 41 na 9 ni 50, na serikali yetu ilihitaji 51. Yeye akiwa bado anachungulia chini ya dawati, mvulana wa Mwembe alishasukuma vizibo vyake hadi kwa Mkorosho, wakamwita na Mkwaju: 27, 18 na 9, jumla 54. Chama kikubwa kuliko vyote kikabaki nje ya serikali, na darasa zima likapiga kelele kwamba huo ni wizi.

Si wizi. New Zealand mwaka 2017 chama cha National kiliongoza kwa viti 56 kati ya 120, lakini Labour yenye 46 ikaungana na New Zealand First yenye 9, ikaungwa mkono na Kijani yenye 8, na Jacinda Ardern akawa Waziri Mkuu. Lesotho mwaka 2012 chama cha DC cha Pakalitha Mosisili kilipata viti 48 kati ya 120, kikaenda upinzani, kwa sababu ABC yenye 30, LCD yenye 26 na BNP yenye 5 walifikisha 61. Vijana wetu wanaona ni wizi kwa sababu wamekulia kwenye mfumo mwingine. Kwetu Rais huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, mwenye kura nyingi anatangazwa na mambo yamekwisha. Kwenye mfumo wa kibunge tume ya uchaguzi hutangaza viti tu. Serikali inatafutwa baadaye, na wabunge wenyewe.

Nawaandikia walimu wenzangu wa Uraia na viongozi wa vikundi vya vijana wanaotaka kuandaa bunge la mfano, na yeyote anayebishana habari za katiba akataka kujua mseto ni mnyama gani. Njia za kuunda serikali ya mseto, yaani ya vyama vilivyounganisha viti vyao, ziko kadhaa, nimezipanga nne. Kila moja naipima kwa swali moja: siku wenye serikali watakapogombana, nani anaondoka, na nini kinabaki? Wakati wa kusaini kila mtu anatabasamu, kwa hiyo siku ile haikufundishi kitu.

Kuungana kabla ya kura, au baada ya kura

Wenye uzoefu mkubwa wa njia ya kwanza barani kwetu ni Mauritius. Vyama hugawana majimbo na vyeo kabla mpiga kura hajaingia kituoni. Mwaka 2000 MSM ya Anerood Jugnauth na MMM ya Paul Bérenger zilikubaliana kwamba Jugnauth atakuwa Waziri Mkuu kwa miaka 3 ya mwanzo, kisha amwachie Bérenger. Walishinda, na Septemba 2003 kiti kikabadilisha mtu kama walivyoahidi. Uzuri wake mpiga kura anajua kabisa anampigia nani na atatawala na nani. Hakuna atakayeamka wiki mbili baadaye akute chama chake kimekaa meza moja na yule aliyeambiwa ni adui.

Sisi nasi tulionja kipande cha njia hii. Ukawa ilizaliwa kwenye Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014, na mwaka 2015 CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD wakasimama na mgombea mmoja wa urais, Edward Lowassa. Mgombea mwenza, Juma Duni Haji, alilazimika kutoka CUF na kuingia CHADEMA, maana wote wawili walitakiwa watoke chama kimoja. Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF mwezi Agosti. Hayo nayataja kwa kuwa yanaonyesha bei ya njia hii ilipo: inalipwa mapema, ndani ya vyama, kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Tena muungano ukiwa na nguvu sana unameza bunge zima. Novemba 2024 muungano ulioshinda Mauritius ulichukua viti 60 kati ya 62 vinavyopigiwa kura majimboni, na vile viwili vilivyobaki vikaenda kwa chama cha kisiwa cha Rodrigues. Upinzani wa aina hiyo utauliza maswali mangapi?

Njia ya pili ndiyo wengi wanayoifikiria wakisikia neno mseto. Kila chama kinakwenda kwenye uchaguzi peke yake, viti vinahesabiwa, halafu ndipo wanakaa. Uholanzi ina viti 150, na chama kikipata kura zinazotosha kiti kimoja kinaingia bungeni, hivyo vyama ni vingi na hakuna anayefika 76 peke yake. Anaanza mtu wa kupima upepo, anamsikiliza kila kiongozi kivyake. Kisha anateuliwa mtu mwingine ambaye mimi darasani namwita mshenga, kwa kuwa kazi yake ni hiyo hasa: kwenda nyumba hii na ile, kupeleka masharti, kurudisha majibu, kulainisha maneno makali kabla hayajafika upande wa pili. Zamani kumteua mshenga kulikuwa na mkono wa ufalme. Tangu 2012 Bunge lenyewe limelichukua jukumu hilo. Baada ya uchaguzi wa Machi 2021 washenga walizunguka siku 299 mpaka serikali ikaapishwa Januari 2022.

Wajerumani wao wanaamini karatasi. Mwaka 2021 vyama vitatu, SPD, Kijani na FDP, viliandika mkataba wa kurasa 177, kila jambo mahali pake, tangu nishati hadi mshahara wa kima cha chini. Nilipowaambia wanafunzi, mmoja aliuliza kama na vikombe vya chai viliandikwa. Hata hivyo, Novemba 6, 2024 Kansela (ndiye waziri mkuu wao) Olaf Scholz alimfukuza Waziri wa Fedha, Christian Lindner wa FDP, kwa mgogoro wa bajeti, na mseto ukafa siku hiyohiyo. Desemba 16 Scholz aliomba kura ya imani akaikosa, na Februari 23, 2025 Wajerumani wakapiga kura mapema.

Ukisimulia hapo tu, mwanafunzi atasema mkataba hauna kazi. Mwambie na hili. Ibara ya 67 ya katiba yao inasema Bunge haliwezi kumwondoa Kansela mpaka kwa kura hiyohiyo limchague mwingine. Huwezi kubomoa nyumba ukaenda zako. Lazima uwe na paa jingine mkononi. Mwaka 1972 wapinzani wa Kansela Willy Brandt walijaribu wakapungukiwa kura 2, akabaki. Oktoba 1, 1982 FDP ilihama upande, na Helmut Kohl akachukua nafasi ya Helmut Schmidt siku ileile, nchi haikukaa hata saa moja bila serikali. Kwangu mimi ibara hiyo moja ina thamani kuliko kurasa zote 177.

Na karatasi haipigi kura. Mei 6, 2025 Friedrich Merz alikwenda Bungeni kuchaguliwa Kansela akiwa na mseto wenye viti 328, mkataba umeshasainiwa, akihitaji kura 316. Kura ni ya siri. Zilipohesabiwa zilikuwa 310. Walau watu 18 wa upande wake hawakumpa. Alipita mchana wa siku hiyohiyo kwa kura 325, lakini zile saa chache za katikati kila mwanafunzi wangu alizielewa bila kufafanuliwa, kwani hata kwenye uchaguzi wa viranja kuna anayekuahidi kura uso kwa uso na asikupe.

Rudi sasa Lesotho uione njia hii ikienda kombo. Mseto wa 2012 wa Waziri Mkuu Thomas Thabane wa ABC ulikuwa na viti 61 kati ya 120, yaani akikasirika mmoja tu hesabu imeharibika. Juni 2014, akikabiliwa na kura ya kutokuwa na imani, alisimamisha vikao vya Bunge. Agosti likatokea jaribio la mapinduzi, SADC ikaingia kusuluhisha, na Februari 2015 uchaguzi ukarudiwa mapema. Wakubwa wale walijua kuungana. Hawakuwa na njia ya heshima ya kuachana.

Kutawala bila wingi

Njia ya tatu ndiyo inayowatoa macho vijana, nami naipenda kuliko nilivyotarajia: serikali ya wachache. Chama, au viwili, vinaunda serikali bila kufika nusu, na wengine wanabaki nje wakiahidi kutowaangusha. Mara nyingi ahadi ni ya mambo mawili tu, kura ya imani na kura ya bajeti. Mengine yote, kila muswada unatafutiwa kura zake upya. Denmark imeishi hivyo kwa miaka mingi ya historia yake ya karibuni. Uingereza nayo ilifanya hivyo mwaka 2017: Conservative wa Theresa May walikuwa na viti 317 kati ya 650, wakakubaliana na DUP, chama cha Ireland ya Kaskazini chenye viti 10, na Ireland ya Kaskazini ikaahidiwa pauni bilioni 1 za nyongeza. Viti kumi, pauni bilioni moja. Chama kidogo kikiwa ndicho kizibo cha 51, bei yake anaipanga mwenyewe.

Sweden wana kanuni ambayo darasani niliieleza mara tatu. Anayependekezwa kuwa Waziri Mkuu hahitaji kupata kura nyingi za ndiyo. Anahitaji tu asikataliwe na wabunge 175 kati ya 349. Novemba 24, 2021 Magdalena Andersson alipata kura za ndiyo 117, za hapana 174, na wabunge 57 hawakuegemea upande wowote. Hapana zilipungua moja, akachaguliwa. Jioni ya siku hiyohiyo alikuwa ameshajiuzulu: bajeti ya wapinzani ilipita badala ya yake, na Kijani wakajitoa serikalini. Novemba 29 akapigiwa kura tena, ndiyo 101, hapana 173, na 75 hawakuegemea popote. Safari hii alikuwa na kura za ndiyo chache kuliko mara ya kwanza, na serikali yake ndiyo iliyokwenda hadi uchaguzi wa 2022.

Tazama njia ya pili na ya tatu zikiwa bega kwa bega. Kwenye ya pili ugomvi unafanyika ndani, milango imefungwa, miezi ya mwanzo, na waziri anayekerwa ana cheo cha kumfanya avumilie. Kwenye ya tatu ugomvi unafanyika bungeni, mbele ya watu, kila wiki, na anayeshikilia serikali hana gari wala ofisi ya kumfunga mdomo. Ya pili ikivunjika inapasuka kwa kishindo. Ya tatu huyumba kila siku, lakini kuyumba ndiyo kawaida yake. Kwa nchi isiyozoea kushindwa kura bungeni, naiogopa: muswada wa kwanza ukianguka watu watasema serikali imeanguka. Kwa darasa la vijana kumi na watano ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa hakuna mwanafunzi atakayekaa kimya; kila hoja inamtafuta.

Wote ndani

Njia ya nne ni serikali ya umoja wa kitaifa, na hapa Waswahili tuna ya kusema kuliko Wajerumani. Kenya, Februari 28, 2008, baada ya damu kumwagika, Mwai Kibaki na Raila Odinga walisaini makubaliano chini ya usuluhishi wa Kofi Annan, Rais wetu Jakaya Kikwete akiwepo kama mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Baraza la mawaziri likawa na mawaziri 40. Wakenya wenyewe wakaibatiza serikali ya nusu mkate, jina linaloonyesha mwananchi alivyoielewa. Zanzibar walichagua mlango mwingine: maridhiano ya Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad mwaka 2009, kura ya maoni Julai 31, 2010 ambapo asilimia 66.4 walikubali, kisha katiba ikabadilishwa ili chama cha pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri wagawanywe. Hakuna mshenga hapo, kwani kugawana kumeandikwa. Ila kanuni ya kugawana inahitaji mtu wa kugawana naye: baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 ambao CUF iliususia, kiti cha Makamu wa Kwanza kilikaa kitupu.

Zote mbili hizo si za kibunge kamili, maana Rais alitoka kwa wapiga kura. Afrika Kusini ndiyo inayofaa kwa somo letu, kwa sababu kule Rais huchaguliwa na Bunge. Mei 29, 2024 ANC ilishuka hadi viti 159 kati ya 400, DA ikapata 87, MK 58, EFF 39, IFP 17. Katiba yao inataka Bunge jipya likutane ndani ya siku 14 tangu matokeo kutangazwa. Juni 14 wabunge walikusanyika kwenye ukumbi wa mikutano Cape Town, jengo lao likiwa limeungua mwaka 2022, na makubaliano kati ya ANC na vyama vingine, DA na IFP vikiwemo, yakakamilishwa siku hiyohiyo. Usiku Cyril Ramaphosa akachaguliwa kwa kura 283. Makubaliano yenyewe yalikuwa mafupi sana yakilinganishwa na ya Wajerumani, na baadaye ilionekana: mwaka 2025 ANC na DA walivutana juu ya kuongeza kodi ya VAT, mpaka ongezeko lenyewe likafutwa mwezi Aprili. Serikali haikufa. Ilitetemeka hadharani, ikaendelea.

Njia hii naiona ni dawa ya nchi iliyoumia, au iliyo karibu kuumia. Kwa bunge la mfano, hapana. Darasa lote likiwa serikalini, nani atasimama kumuuliza waziri maji yamekwenda wapi?

Saa ukutani

Kuna jambo moja halimo kwenye njia yoyote kati ya hizo, na ndilo linaloamua mambo kuliko watu wanavyofikiri: muda. Ubelgiji baada ya uchaguzi wa Juni 2010 ilikaa siku 541 bila serikali mpya. Serikali iliyomaliza muda wake, ya Yves Leterme, ikaendelea kusukuma shughuli za kila siku, mishahara ikalipwa, treni zikaenda, mpaka Elio Di Rupo akaapishwa Desemba 2011. Waafrika Kusini walipewa siku 14, wakatumia 12. Muda mrefu huzaa mkataba mnene; muda mfupi huzaa serikali haraka, na maswali magumu huahirishwa hadi mkiwa mmeshaingia ofisini. Mimi ningechukua muda mfupi, hata kwa gharama hiyo. Nchi yenye watumishi wa umma wasioyumba inaweza kusubiri siku 541. Ambako mkuu wa wilaya, mkurugenzi na polisi wote wanatazama nani yuko juu ndipo wafanye kazi, hata siku 60 ni nyingi.

Kwa hiyo, ukiwa na siku moja tu na unataka vijana wajifunze kampeni, wape njia ya kwanza, wagawane majimbo asubuhi. Ukiwa na kundi dogo na muhula mzima, wape ya tatu. Ukiwa na darasa kubwa na Jumamosi mbili, chukua ya pili kama tulivyofanya, lakini usiwaachie mikono mitupu. Sisi tulichukua ibara ya 67 ya Wajerumani neno kwa neno, tukaweka saa ya Afrika Kusini (dakika 14 badala ya siku 14, nikishika simu mwenyewe), na tukakataza kuanza kugawana wizara kabla hawajaandika watakubaliana nini juu ya bajeti. Sharti hilo la mwisho nilikataa kulilegeza hata waliponililia. Ukiwaruhusu waanze na vyeo, dakika zote 14 zitaishia kwenye Wizara ya Fedha.

Jumamosi ya pili, saa nane mchana, serikali ya Mwembe, Mkorosho na Mkwaju iligombana juu ya ada za mitihani na Mkorosho wakatoka. Vizibo 18 vikasukumwa katikati ya meza, havina mwenyewe. Serikali ikabaki na 36. Yule msichana wa Mnazi alisimama mbio kuleta hoja ya kuiangusha, na kwa mara ya kwanza hesabu ilikuwa upande wake: 41, 18 na 5, jumla 64. Nikampa karatasi. Juu yake kuna mistari miwili, wa kwanza "tunamwondoa", wa pili "tunamchagua". Wa kwanza aliujaza papo hapo. Kwenye wa pili aliandika jina lake, akawatazama Mkorosho, wakatikisa kichwa. Akalifuta, akaandika jina la kiongozi wa Mkorosho. Wa kwake mwenyewe wakagoma. Akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Dakika zikaisha. Serikali ya viti 36 ikalala madarakani, na bila mimi kusema kitu tukawa tumehamia njia ya tatu.

Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, nilimkuta mlangoni mwa darasa la kidato cha pili, wanakokaa wengi wa Mkorosho. Ameshika karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, zimeandikwa mbele na nyuma, na juu kabisa, kwa wino mwekundu: bajeti.